UZI: Makocha wa maisha Mombasa, tuache kumwambia mteja asiye na ada kwamba ana fikra za uhaba

Kocha wa Tudor (mwanzisha uzi)

Assalaam alaikum, na hamjambo ndugu zangu wa Pwani. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke kando ausome usiku akitulia.

Kuna maneno yamezoeleka mno katika kazi yetu hii ya kukaa na mtu na kumsaidia kwa mazungumzo apange maisha yake. Mteja anapiga simu, anaeleza linalomsibu, anauliza bei. Anatajiwa shilingi 50,000 kwa miezi mitatu. Anasema, "Kwa sasa sina, labda mwezi ujao." Hapo kocha, badala ya kumwambia sawa, karibu siku yoyote, anaanza kumsomea: huna pesa kwa sababu unafikiri kama mtu asiye nazo, mwenye fikra za utele haulizi bei, chukua hata mkopo wa simu ujiwekeze, pesa zitakufuata. Makocha wapya wanafundishwa maneno haya darasani, kama mbinu ya kumbana mtu mpaka atoe. Yananikera, na nataka tuyaseme wazi hapa.

Wazo lenyewe la uhaba na utele si baya, na halikuanzia huko. Aliyelieneza ni Mmarekani Stephen Covey, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu tabia za watu wenye ufanisi. Aliwazungumzia watu wanaoona taabu kugawana sifa, faida au madaraka, wanaoumia moyoni mwenzao anapofanikiwa hata kama ni ndugu yao, kwa kuamini kwamba akipata yule wao wamepungukiwa. Kinyume chao ni mtu aliyetulia nafsi, anayeweza kumpisha mwenzake na kumfurahia. Lilikuwa swali la namna unavyokaa na wenzako. Sisi tumeligeuza kuwa fimbo ya kumpigia mteja, na kwetu wenyewe halituhusu tena.

Nianze na mteja. Uhaba wa kweli unamfanya nini mtu kichwani? Hilo limepimwa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao. Waliwapima wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India, mara mbili: kabla ya mavuno, mifuko mitupu na vitu vimewekwa rehani, kisha baada ya mavuno, pesa zimeingia. Kabla ya mavuno walifanya vibaya katika maswali ya kufikiri, baada ya mavuno wakafanya vizuri zaidi. Watu ni wale wale. Sehemu nyingine ya utafiti huo ilifanyika katika jengo la maduka kule New Jersey. Watu waliambiwa wafikirie kwamba gari lao limeharibika. Gharama ilipotajwa kuwa dola 150, wa kipato cha chini na wa kipato cha juu walilingana katika maswali waliyopewa. Ilipotajwa kuwa dola 1,500, wale wa kipato cha chini walishuka, wenzao hawakutikisika. Yaani wazo tu la deni kubwa linakula nafasi ambayo akili ingeitumia kupanga.

Sasa tuyalete hapa kwetu. Mji huu unaishi kwa misimu. Kusi ikishaingia, kuanzia Aprili hivi, bahari inachafuka na mvuvi wa ngalawa hathubutu kwenda mbali. Masika nayo yanakuja, wageni wanapungua, na hoteli kuanzia Nyali na Bamburi mpaka Diani ng'ambo ya kivuko zinapunguza vibarua au kuwapa watu likizo isiyo na malipo. Desemba mambo yanageuka, mtu yule yule aliyekuwa akikwepa simu ya mwenye nyumba anamnunulia mamake leso na mwanawe viatu. Je, fikra zake zilikuwa za uhaba mwezi wa Mei zikawa za utele Desemba? Mwaka 2019 mizigo ilipoelekezwa kwa lazima kwenye reli ya SGR, madereva wa malori, matanboi na mama ntilie wa Changamwe na Miritini walifungiwa riziki. Hawakufungiwa na mawazo yao. Wazee walishasema, kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga. Ukimwambia mtu aliyepoteza kibarua kwamba kosa liko kichwani mwake, umemwongezea aibu juu ya njaa, na bado unataka akulipe.

Ninachokifanya mimi na wateja wangu wa hotelini na bandarini ni kuangalia kalenda kwanza. Uamuzi mkubwa, kama kuacha kazi, kufungua duka au kuchukua mkopo wa Sacco, tunaupanga wakati mfuko umepumua. Miezi mikavu tunashughulika na yaliyo karibu: kodi, karo, deni gani lilipwe mwanzo, nani azungumzwe naye mapema kabla hajakasirika. Tunaandika kwenye daftari kila kinachoingia na kutoka. Nafurahi kukumbuka kwamba Thomas Leonard, aliyeanzisha shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, mwaka 1995, alitoka katika kazi ya kuwapangia watu mipango ya fedha. Aliona wateja wake wana maswali ya maisha nyuma ya maswali ya pesa. Alianza na hesabu zao, akaingia ndani kutokea hapo. Wengi wetu tunataka kuingia ndani bila kuziona hesabu.

Sasa tuje kwetu makocha, maana huku ndiko uhaba unakoharibu zaidi na ndiko tusikokutaja.

Kocha mwenye hofu ya kukosa wateja hufanya mambo yanayojulikana. Mteja ameshaweza kusimama mwenyewe, yeye anamtafutia "kizuizi kingine" ili vikao viendelee. Anakuja mtu hajalala usingizi wiki nzima, analia asubuhi mpaka jioni, na kocha anampokea kwa mazungumzo ya malengo badala ya kumpeleka kwa mshauri nasaha aliyesajiliwa, au kule Port Reitz kwenye kitengo cha afya ya akili. Kumbukeni kwamba Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inawahusu wao, si sisi. Kesho asubuhi mtu yeyote wa Mombasa anaweza kujiita kocha. Kwa hiyo kinachomlinda mteja ni uaminifu wetu tu, na hofu ya kodi ya nyumba inaula uaminifu huo kidogo kidogo. Kisha kuna kuficha bei, na kuna kumsema vibaya kocha wa mtaa wa pili ambaye hata hujawahi kukaa naye.

Nafanya hesabu hii na kila kocha mpya anayenijia. Tuseme unatoza 2,500 kwa kikao, na kodi, umeme, bando, nauli na chakula vinakutoa 60,000 kwa mwezi. Unahitaji vikao 24 vilivyolipwa ili usimame tu, kabla ya ugonjwa, kabla ya harusi ya binamu. Ukimwona kila mteja mara mbili kwa mwezi, ni wateja 12 wasiokosa hata mara moja. Wangapi kati yetu tuna wateja 12 wasiokosa mwezi wa Mei? Kwa mtu aliye katika hali hiyo, kusimama mbele ya kioo na kujiambia "nina utele" hakuondoi hofu, kunaificha tu, na hofu iliyofichwa ndiyo humfanya ambane mteja. Dawa ninayoiamini ni ya kizamani: uwe na kazi nyingine inayolipa kodi. Fundisha, shona, fanya uhasibu, endesha tuktuk. Kocha ambaye kodi yake imeshalipwa anaweza kumtazama mteja usoni na kumwambia, "Huna haja ya kuja tena, umeshaweza." Anaweza pia kusema, "Fulani wa Buxton anaijua habari ya ndoa kuliko mimi, nenda kwake." Huko kumpisha mwenzako ndiko alikokuwa akikuzungumzia Covey.

Karibuni tuzungumze. Wanaopinga nao nawakaribisha.

Dada wa Kisauni

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na kuna mahali sikubaliani nawe. Mimi pia ni kocha, zaidi ya wanawake wanaorudi kazini baada ya kuzaa. Nilikuwa natoza mia tano, tena nikiona haya kuitaja. Wengine nilikuwa nawapa bure halafu hawaji. Haya mafunzo ya fikra za utele ndiyo yaliyonipa moyo wa kusema bei yangu ni elfu moja na nusu bila kutetemeka. Wanawake wa Pwani tumelelewa kwamba kuomba malipo ni kukosa adabu. Ukiyatupa maneno haya yote, kuna watu wataendelea kufanya kazi ya sadaka hadi wachoke waache. Na soko lipo. Ripoti ya ICF ya 2023 inasema ukocha duniani uliingiza dola bilioni 4.564 kwa mwaka 2022. Kwa nini tujifunge kwenye hesabu ya Mei?

Kocha wa Tudor

Dada, umesema kweli na nakushukuru, hasa hapo kwenye haya. Hilo la wanawake kuogopa kutaja bei nimeliona sana, na aliyekutoa hapo alikutendea wema. Lakini angalia kilichotokea: fikra ulizibadilisha wewe kuhusu kazi yako mwenyewe. Hukumwambia mteja wako kwamba akishindwa na elfu moja na nusu ana kasoro. Nacholalamikia ni hilo la pili.

Kuhusu soko, ripoti hiyo hiyo inakadiria makocha 109,200 duniani mwaka 2022, kutoka kama 71,000 mwaka 2019. Gawanya mapato kwa watu, unapata kama dola 41,800 kwa kocha kwa mwaka. Huo ni wastani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko Amerika Kaskazini na Ulaya Magharibi, ambako kampuni ndizo zinazowalipia mameneja wao. Mama wa Kisauni anayerudi kazini hayumo katika zile bilioni. Bei yake lazima itoke kwenye mfuko wake na gharama zako, na zote mbili zinahesabika.

Nikuongezee moja, kwa sababu najua katika mafunzo hayo mlibandika bango la picha za gari na nyumba ukutani. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New York, amechunguza njozi njema kwa miaka mingi. Katika utafiti alioufanya na Thomas Wadden, uliochapishwa 1991, wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito walioota njozi tamu zaidi kuhusu miili yao mipya walipungua kidogo kuliko wenzao. Walioamini kwa dhati kwamba wataweza walipungua zaidi. Hapo kuna tofauti ya kuamini kwamba utaweza na kuota kwamba umeshafika. Njia aliyoijenga baadaye inamtaka mtu aitaje ndoto yake, halafu mara moja akitaje kinachomzuia, halafu apange atafanya nini kizuizi kikitokea. Kwa mteja wako ni hivi: "Nataka kurudi kazini. Kinachonizuia ni mtoto hana wa kumwangalia alasiri. Dada wa kazi akikosa kuja, nitampeleka kwa shangazi Mishomoroni." Haling'ari kama picha ya gari, ila linamfikisha kazini.

Mwalimu mstaafu, Changamwe

Mwanangu, mimi si kocha, nimefundisha tu. Naona mambo haya yote ya utele yanawafunza vijana tamaa. Sisi tulilelewa kwa kinaa. Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye kwa kiasi akitakacho. Leo kijana anaambiwa ulimwengu unamdai akiomba kwa nguvu. Huo si uchamungu wala si elimu.

Kocha wa Tudor

Shikamoo Mwalimu. Nakubali kuhusu hilo la ulimwengu kutudai. Huo ni utele wa kuvuta kuja kwako, na sijauona ukimjenga mtu. Ila kinaa uliyotufundisha na utele ninaousema mimi naona ni ndugu. Aliyekinai ndiye anayeweza kugawa. Wapo wafanyabiashara wa Marikiti wanaomwelekeza mteja duka la jirani kwa kitu wasicho nacho, na jirani kesho anawarudishia mwingine. Hawakufundishwa na kocha. Walilelewa hivyo majumbani, pengine na walimu kama wewe.

Ningekuomba tu usiwaweke vijana wote kapu moja. Wapo wanaotaka zaidi kwa haki, wanaolea wadogo zao. Kutaka kutoka kwenye chumba cha kupanga Mishomoroni hadi nyumba yenye maji si tamaa.

Mama wa Likoni

Nilitaka nipite tu lakini nimeshindwa. Mimi nimefanyiwa haya. Nilikuwa natoka kwenye ndoa, nikamtafuta kocha mtandaoni. Aliniambia nisiposhika nafasi siku hiyo hiyo, ina maana bado nina akili ya umaskini. Nilikopa kwa simu. Vikao vilikuwa ni kusikiliza rekodi na kuandika barua za kushukuru. Nilipomwambia nimeshindwa kulipa mkopo, akanijibu kwamba deni ni kioo cha moyo wangu. Jina langu likaenda kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Kilichonitoa ni mchezo wetu wa akina mama, ule wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu: walinipa zamu yangu mapema nikalipa. Mpaka leo nikisikia neno kocha moyo unanidunda.

Kocha wa Tudor

Mama, pole sana, na shukrani kwa kusema mbele ya watu. Hukukosea kutafuta msaada. Ulikuwa kwenye wakati mgumu na mtu akautumia wakati huo kukutoa pesa.

Makocha wenzangu, someni tena alivyotoka. Wanawake waliokaa kwenye mkeka wakahamisha zamu. Walijua nani ana shida, walijua pesa ziko wapi, wakazisogeza. Yeyote anayetaka kufundisha utele katika mji huu akajifunze kwanza mchezo unavyoendeshwa: nani anapewa mwanzo, mtu akifiwa inakuwaje, aliyechelewesha anazungumzwa naye vipi bila kuaibishwa. Mimi sasa kila mteja mpya namuuliza, kabla ya malengo na ndoto, "Uko kwenye mchezo gani? Ukikwama usiku unampigia nani?" Anayejibu kwamba hana mtu, kazi yetu ya kwanza ni hiyo, na malengo yanasubiri.

Na kanuni za maadili za ICF ziko wazi kuhusu mengine. Mteja ana haki ya kusitisha wakati wowote. Kocha akiona mteja hafaidiki tena, anatakiwa kumshauri aende kwa kocha mwingine au mtaalamu mwingine. Anayekubana ulipe leo leo anakwenda kinyume na moyo wa kazi hii, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Kijana wa Bamburi

Bro, mimi nimemaliza mafunzo ya ukocha mtandaoni mwaka huu. Tuliambiwa njia ya haraka ya kupata pesa ni kuwaandikisha wengine kwenye mafunzo hayo hayo, tupate kamisheni. Nikiuliza wateja wa kawaida wanapatikanaje naambiwa nina uhaba. Nifanyeje? Na kama mteja hana kabisa, namfukuza?

Kocha wa Tudor

Kijana, ukiona mahali makocha wanakula kwa kuzalisha makocha wengine, na hakuna hata mmoja anayeweza kukuonyesha mteja wa kawaida aliyesaidika, toka. Kutafuta mteja wa kweli ni swali la mtu mzima na ulistahili jibu.

Kama unataka ithibati inayotambulika, daraja la mwanzo la ICF, ACC, linadai mafunzo ya saa 60 au zaidi na saa 100 za kufanya ukocha wenyewe. Linalofuata, PCC, ni saa 125 za mafunzo na 500 za kazi. Hizo saa za kazi ndizo zitakazokufundisha. Zianze na watu unaowajua hali zao: kama uliwahi kufanya kazi hotelini, nenda kwa wahudumu. Usimwendee mkurugenzi wa kampuni kwa sababu tu ana pesa. Na kama una kazi nyingine, usiiache.

Asiye na uwezo usimfukuze. Naacha nafasi chache kila mwezi za wasioweza kulipa, zikijaa nasema zimejaa, na nampa majina ya wengine. Nafasi hizo nazilipia kwa ada ya wanaoweza, na hao nimewaambia wazi kwamba sehemu ya pesa yao inakwenda huko. Hakuna aliyenung'unika. Mteja akileta mteja mwenzake simpi chochote, na nikimpeleka mtu kwa mtaalamu sipokei shukrani ya mkononi. Ukipokea, mwambie mteja kabla hajaenda.

Ninachopendekeza kwa makocha wote wa Mombasa walio humu: tuandike hapa hapa bei zetu, mambo tunayoyaweza na tusiyoyaweza, ili mtu akitujia tujue wa kumpeleka kwake. Naanza. Kikao cha dakika 60, shilingi 2,500. Naweza: mabadiliko ya kazi, mpangilio wa pesa za nyumbani, waliostaafu. Siwezi: ndoa, vijana wa shule, uraibu, na yeyote ambaye hali yake inahitaji mshauri nasaha au daktari.

Dada wa Kisauni

Haya kaka. Shilingi 1,500, dakika 50, kwa simu au Kisauni karibu na sokoni. Naweza: wanaorudi kazini baada ya uzazi, wanaoanza biashara ndogo ya chakula. Siwezi mambo ya madeni, hao nitakuletea wewe. Mama aliyejifungua akiniambia haoni maana ya kuishi, siku hiyo hiyo tunakwenda hospitali na mimi nakaa naye foleni, kikao hicho simtozi. Mama wa Likoni, ukiwa tayari nitafute. Hutalipa, na ukitaka uje na mmoja wa wale wenzako wa mchezo, njoo naye.